Kuondoa kromu kwenye bomba na vifaa vya bafuni: msasa, asidi, umeme, karakana, au kubadilisha kabisa?

Kromu ya mabomba, ile ngozi ya metali inayong'aa kama kioo, ina maadui wawili wakubwa ukanda wa pwani: upepo wa bahari na maji ya kisima yenye chumvi. Bomba lililong'aa siku lilipofungwa, liwe Kigamboni, Tanga au Likoni, huanza kuota vidoa vya kijani shingoni. Baadaye ngozi yake inavimba, kisha vipande vyembamba vinadondoka kwenye sinki. Hapo mwenye nyumba anabaki njia panda. Jirani anamwambia apige msasa, fundi anamwambia aloweke kwenye asidi, video ya mtandaoni inamwonyesha betri na ndoo, na muuza duka anataka anunue jipya.

Nimeandika ulinganisho huu kwa aliyekwama hapo. Nitapima njia zote kwa vipimo vilevile, lakini kuna jambo moja linapaswa kutangulia, maana kwalo ndipo uamuzi mzima unapogeukia. Kromu iliyotulia juu ya bomba haimdhuru mtu. Ni metali ngumu, na unaweza kuishika kila siku maisha yako yote. Hatari inazaliwa wakati wa kuiondoa, na inategemea unaigeuza kuwa nini. Ukiisugua inakuwa vumbi. Ukiiyeyusha kwa asidi inakuwa kile ambacho wanakemia hukiita kromu tatu, maji ya kijani yenye sumu ya wastani. Ukiitoa kwa umeme ndani ya kostiki soda inakuwa kromu sita, maji ya njano, na hiyo imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la kwanza: vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta saratani kwa binadamu. Bomba ni lilelile na kromu ni ileile. Kinachotofautiana ni njia uliyochagua.

Kwanza hakikisha kromu imekufa kweli

Watu wengi wanaotaka kuondoa kromu wana bomba chafu tu. Madoa meupe yanayokwaruza ni chokaa ya maji. Funika kwa kitambaa kilicholoweshwa siki au maji ya ndimu kwa dakika chache, futa, suuza vizuri. Vidoa vya kahawia juujuu huondoka ukisugua kwa karatasi ya aluminiamu iliyofinyangwa na kuloweshwa maji. Usitumie jiki: klorini yake inaitoboa kromu vishimo vidogo, na huko ndiko maji huingilia.

Kipimo cha mwisho ni kucha. Ipitishe juu ya doa. Ikipita bila kukwama, safisha uendelee na maisha. Ikikwama kwenye ukingo, ngozi imeachia na hakuna dawa ya kuirudisha.

Vipimo vitano

*Usalama:* nini kinaingia mapafuni, machoni na kwenye ngozi ya anayefanya kazi, na nani mwingine yuko uani.

*Metali ya chini:* kromu ya mapambo ni nyembamba mno, kwa kawaida chini ya nusu mikroni, yaani chini ya nusu ya elfu moja ya milimita. Chini yake kuna nikeli, mara nyingi kati ya mikroni 5 na 30, pengine na shaba, ndipo unafika kwenye mwili wenyewe wa kifaa. Mwili huo ndio unaoamua kama kazi itafaa au itaharibika.

*Mabaki:* maji, tope au vumbi linaenda wapi baada ya kazi. Kwenye viwanja vyetu kisima na karo mara nyingi viko kwenye uwanja mmoja, kwa hiyo kipimo hiki nakipa uzito sawa na usalama.

*Gharama na muda.*

*Mwisho wake:* kifaa kitaonekanaje na kitakaa muda gani.

Kuijua metali ya chini hakuhitaji maabara. Fungua skrubu ya mkono wa bomba, ugeuze, ukwangue kwa ncha ya kisu upande wa ndani usioonekana. Ukiona manjano ya dhahabu iliyopauka, ni brasi. Ukiona kijivu kilichofifia na kisu kinaingia kirahisi, ni zinki ya kumimina, ambayo mafundi wengine huiita zamaki. Ukiona weupe au weusi unaochubuka kama kucha, na kifaa ni chepesi na hakina ubaridi wa chuma mkononi, ni plastiki. Sumaku ikinata kwa nguvu, ni chuma. Usishangae bomba moja likiwa na vyote: mwili wa brasi, mkono wa zinki, na kifuniko cha plastiki.

Msasa kwa mkono

*Usalama:* Hakuna mvuke wala gesi, na kusugua kwa mkono ukitumia maji hakuigeuzi kromu kuwa kromu sita. Zimebaki hatari mbili. Ya kwanza ni ukingo: kromu iliyoinuka hukata kidole kabla hujahisi, hasa ile ya juu ya plastiki, kwa hiyo vaa glavu nene unapotoa vipande vilivyolegea. Ya pili ni vumbi. Nikeli haifai kuvutwa puani, na brasi ya mabomba ya zamani mara nyingi ina risasi, metali yenye sumu, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, iliyowekwa ili ichongeke kirahisi. Dawa ya vumbi ni maji. Nunua msasa wa maji, ule mweusi, chovya kila baada ya misuguo michache, vaa barakoa ya vumbi ya kiwandani na si ya kitambaa, na usile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa. Watoto wasikae karibu.

Grainda yenye brashi ya waya iache. Ni kweli inamaliza kazi haraka, lakini inarusha vipande vyenye makali usawa wa macho, na vumbi lake ni laini kiasi cha kubaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa.

*Metali ya chini:* Brasi na chuma vinakubali vizuri. Zinki inakubali lakini itakuonyesha vishimo vyake, maana kutu nyeupe huwa imeshaila chini ya ngozi. Plastiki nayo unaweza kuisugua, ila kidogokidogo.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo kazi inapoharibikia. Kromu ni ngumu kuliko waya wa kusugulia masufuria. Ukisugua kwa waya utachoka nayo itakucheka. Anzia kwenye ukingo ulioachia na si katikati ya sehemu nzima. Msasa namba 240 utashusha ukingo mpaka kucha isikwame, 400 itafuta mikwaruzo ya 240, na 600 italainisha. Ukiendelea utaona rangi inabadilika: ubluu baridi wa kromu unaondoka, unakuja weupe wenye umanjano kidogo. Hiyo ni nikeli. Ikiwa imekaa nzima bila vishimo, simama hapo. Hakuna sababu ya kwenda mpaka brasi kwa kifaa cha ukutani, na kila tabaka unalobakiza ni vumbi usilolitengeneza.

*Mabaki:* Tope la msasa lifute kwa matambara, uyafunge ndani ya mfuko pamoja na karatasi za msasa zilizotumika, yaende kwenye taka. Usisuuzie kwenye sinki. Kazi yote ifanyike juu ya beseni.

*Gharama na muda:* Ni njia ya bei ndogo kabisa katika pesa, na ya bei kubwa kabisa katika mikono. Kishikio kimoja cha taulo kinaweza kumaliza asubuhi nzima.

*Mwisho wake:* Nikeli inang'arishika ila hufubaa, na mtu ambaye ngozi yake huwashwa na hereni za bei rahisi anaweza kuwashwa nayo pia. Brasi ikibaki wazi hugeuka rangi ya asali iliyokolea. Wengine huipenda hivyo. Ukitaka rangi, paka kwanza praima ya metali zisizo chuma, kisha rangi ya kupuliza. Kwenye kishikio cha taulo au bawaba itadumu, lakini kwenye mkono wa bomba unaoshikwa na kulowa kila siku itaanza kubanduka mapema.

*Inamfaa:* mwenye kifaa kimoja au viwili, mwenye subira, na asiyehitaji mng'ao wa kioo.

Asidi

Asidi inayotumika ni haidrokloriki, ileile inayouzwa kwenye maduka ya ujenzi kwa kusafishia vigae na saruji.

*Usalama:* Mvuke wake unachoma pua na koo, na tone lake jichoni ni safari ya hospitali. Inapokula kromu hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto, kwa hiyo kusiwe na sigara wala jiko karibu. Kazi ni ya nje tu, upepo ukiwa mgongoni, na miwani iliyoziba pande zote, glavu ndefu za mpira, aproni na viatu vilivyofunika vidole. Asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Na ndoo iliyowahi kuwa na jiki isitumike: asidi na jiki vikikutana hutoa gesi ya klorini, na watu wamepoteza fahamu vyooni kwa mchanganyiko huo tu.

*Metali ya chini:* Juu ya brasi, asidi iliyozimuliwa huondoa kromu ndani ya dakika chache, kwa kuwa tabaka lenyewe ni jembamba. Nikeli huliwa polepole sana, na hapo ndipo wengi hukata tamaa: wanategemea kuona brasi ya manjano, wanaona bado rangi ya fedha, wanarudisha kifaa kwenye ndoo, na asidi inaanza kula nyuzi za skrubu. Ukiona weupe wenye umanjano, kromu imeshaondoka, na kulowesha zaidi kunaharibu tu. Zinki usiitie humo kabisa. Itachemka mapovu mara moja na kuliwa mbele ya macho yako, ikianzia kwenye kila tundu la ngozi. Chuma kitatoka safi, kisha kitashika kutu kabla hujamaliza kukikausha.

*Mabaki:* Kwangu huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii. Ndoo inabaki na maji ya kijani yenye asidi, kromu tatu, nikeli na pengine shaba. Ukiyamwaga kwenye karo yanaua vijidudu vinavyosaga uchafu na kula zege. Ukiyamwaga uani yanaelekea kwenye udongo, na pengine kwenye kisima. Unaweza kupunguza ukali kwa kutia magadi kidogokidogo mpaka povu likome. Tope la kijani litajitenga na kuzama chini, nalo ndilo lenye sehemu kubwa ya metali. Lakini kupunguza ukali si kumaliza sumu. Tope hilo na maji yaliyobaki juu yake ni taka hatarishi, na yanatakiwa kukabidhiwa kwa mkusanyaji mwenye kibali, kupitia wasimamizi wa mazingira: NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya. Kama huna njia ya kumpata, hesabu kwamba hujui pa kulipeleka, na hesabu hiyo uifanye kabla ya kununua asidi.

*Gharama na muda:* Asidi yenyewe si ghali na kazi ni fupi. Vifaa vya kinga ndivyo vitakavyokula pesa. Ongeza na hasara isiyoonekana: ukihifadhi chupa iliyofunguliwa stoo, mvuke wake utazishikisha kutu spana, bawaba na kila chuma kilicho chumba hicho.

*Mwisho wake:* Uso unakuwa sawa kuliko wa msasa, hasa kwenye michongo na kona ambazo vidole havifiki. Bado utahitaji kung'arisha.

*Inamfaa:* fundi aliyezoea kufanya kazi na asidi, mwenye uwanja wazi, anayeshughulika na vipande vya brasi vyenye nakshi, na ambaye tayari ana mpango wa mabaki. Ukikosa mojawapo ya hayo manne, njia nyingine itakufaa zaidi.

Umeme na ndoo nyumbani

Hii ndiyo ya video: kostiki soda ndani ya maji, chaja ya betri, kifaa kikiwa upande wa chanya, na kromu inaondoka kimyakimya. Inavutia kwa sababu inafanya kazi vizuri mno.

*Usalama:* Maji yanapogeuka njano, hiyo ni kromu sita. Umeme unapasua maji pia, na mapovu ya haidrojeni na oksijeni yanapopasuka juu ya ndoo yanarusha ukungu mwembamba wenye kromu hiyo usawa wa pua ya aliyeinama kutazama. Wafanyakazi wa viwanda vya kuchovya kromu, yaani kuipaka juu ya metali kwa umeme ndani ya beseni, wa enzi za nyuma waliijua vizuri: vidonda vya mviringo mikononi visivyopona, ukuta wa kati wa pua kutoboka, na baadaye saratani ya mapafu. Ndiyo maana Marekani mwaka 2006 iliweka kikomo cha mikrogramu 5 tu za kromu sita kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya kazini, Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hauruhusu kutumia trioksidi ya kromu, kemikali ya kromu sita inayotumika kuchovya, bila idhini maalumu, na jimbo la California mwaka 2023 lilipitisha kanuni ya kuiondoa hatua kwa hatua kwenye kromu ya mapambo. Hao ni watu wenye mashine za kufyonza hewa. Ndoo ya uani haina hata feni.

Kuna wanaobadilisha kostiki kwa chumvi ya mezani wakidhani wamepata nafuu. Chumvi na umeme hutoa klorini.

*Metali ya chini:* Kostiki inakula zinki. Brasi hustahimili kwa muda, na chuma hukaa salama. Hii ndiyo sifa ya kweli ya njia hii na sababu karakana huitumia.

*Mabaki:* Mabaya kuliko yote katika ulinganisho huu. Kromu sita huyeyuka vizuri majini na husafiri mbali ardhini. Kuigeuza irudi kuwa kromu tatu kunawezekana, ila kunahitaji kemikali nyingine, kipimo cha asidi, na mtu anayejua afanyalo.

*Gharama na muda:* Ndogo, na saa chache tu.

*Mwisho wake:* Uso safi sana, nikeli ikibaki chini.

*Inamfaa:* karakana yenye mfumo wa kufyonza hewa na kusafisha majitaka. Nyumbani sioni inamfaa nani, na nasema hivyo nikiwa nimeupima uzuri wake wote.

Karakana ya kuchovya

*Usalama:* Kwako wewe ni salama. Lakini sumu ileile inashikwa na kijana mwingine, na bei rahisi sana mara nyingi imepunguzwa kwenye mapafu yake. Ukienda kutafuta karakana, iwe mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kariobangi, Nairobi, ingia mpaka penye mabeseni ukiruhusiwa. Tazama kama kuna feni za kufyonza pembezoni mwa beseni, kama wafanyakazi wana glavu ndefu na barakoa zenye chujio, na uliza majitaka yanaenda wapi. Mwenye karakana nzuri hujibu bila kukasirika. Uliza pia kama wanatumia mchovyo wa kromu tatu. Rangi yake hutofautiana kidogo na ya zamani, lakini wafanyakazi hawashindi juu ya beseni la kromu sita.

*Metali ya chini:* Brasi na chuma ndiyo kazi yao. Zinki iliyotoboka wengi huikataa, na wanaoikubali wanapaswa kukueleza kwamba vishimo huenda vikaonekana. Plastiki sahau.

*Mabaki:* Yanakuwa yao, kwa sharti la jibu ulilopewa hapo juu.

*Gharama na muda:* Kwa bomba la kawaida la dukani, gharama inaweza kuzidi bei ya bomba jipya. Kwa kifaa kizito cha brasi, bampa ya gari la zamani au vifaa vya pikipiki ya kale, hesabu inageuka.

*Mwisho wake:* Hii ndiyo njia pekee inayorudisha kromu. Uimara wake unategemea nikeli, si kromu. Ukisema "nataka ing'ae" utapewa mng'ao. Ukisema "nataka nikeli nene, inakaa karibu na bahari" utapewa kitu kitakachodumu. Kubaliana mapema kwamba nyuzi za skrubu na sehemu za ndani zinazopitisha maji zitazibwa zisichovywe.

*Inamfaa:* mwenye kifaa chenye thamani, kinachokosa mbadala dukani, au seti kamili ambayo kipande kimoja tu kimeharibika.

Kufungua na kuweka kingine

Mara nyingi njia ya kuondoa kromu kwa usalama ni kuiacha ilipo na kuondoa kifaa kizima.

*Usalama:* Hatari hapa si kemikali bali maji, umeme na nguvu ya mkono. Funga valvu ya chini ya sinki au ya tangi la juu, kisha fungua bomba mpaka maji yaliyobaki yaishe. Ikiwa ni shawa ya umeme, zima kwenye meni swichi na uhakikishe kwa testa kabla ya kugusa waya. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, skrubu zisipotelee humo. Zungushia kitambaa nati kabla ya kuweka spana, hasa kama ngozi imeachia, maana spana ikiteleza vidole vinaangukia kwenye makali.

Jambo linalovunja nyumba za watu ni hili: unazungusha bomba, na paipu iliyo ndani ya ukuta inazunguka pamoja nalo. Tumia spana mbili. Moja inashikilia kiungo cha ukutani kisitikisike, nyingine ndiyo inayozungusha. Nati iliyokwama ipe mafuta ya kulainisha kutu, uiache usiku kucha, ujaribu tena asubuhi. Usiichome moto. Joto kali la gesi au la kuchomelea kwenye kifaa cha kromu linaweza kutoa moshi wenye kromu sita na nikeli, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomwacha fundi na homa na baridi usiku ule.

*Metali ya chini:* Haijalishi, ila itakusaidia kuchagua kipya. Beba kile cha zamani dukani, pima uzito kwa mkono: cha brasi ni kizito. Kwa nyumba ya pwani, chuma kisichoshika kutu chenye uso wa kusuguliwa, kisichopakwa kromu juu, kinapunguza uwezekano wa tatizo hili kurudi, ingawa nacho kinahitaji kufutwa chumvi.

*Mabaki:* Brasi ina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kromu yake haizuii. Plastiki yenye kromu ifunge kwenye karatasi nene kabla ya kuitupa, isimkate anayezoa taka.

*Gharama na muda:* Bei ya kifaa, tepu ya nyuzi, na saa moja au mbili. Fundi bomba ukimhitaji.

*Mwisho wake:* Unaanza upya. Acha maji yatiririke kwa muda kabla ya kuyanywa.

*Inamfaa:* mwenye kifaa cha zinki au plastiki, mwenye watoto wadogo, na asiye na nafasi ya nje.

Uchague vipi

Kama kifaa ni mkono wa zinki au kifuniko cha plastiki kilichobanduka, badilisha kipande hicho. Mikono na vifuniko mara nyingi huuzwa peke yake, na bomba zima halina haja ya kufa kwa ajili yao.

Kama ni kishikio cha taulo, bawaba au kitasa cha brasi, na huhitaji kirudi kuwa cha kromu, msasa wa maji utakutosha. Unaweza kusimama kwenye nikeli au kushuka mpaka brasi, upendavyo.

Kama ni bomba la zamani zito lililokaa na familia, au seti ambayo duka halina tena, tafuta karakana na uwe tayari kulipa na kusubiri. Lisafishe tu kwa sabuni kabla ya kulipeleka. Msasa wa haraka nyumbani huwaongezea kazi ya kung'arisha.

Kama una vipande vingi vya brasi vyenye nakshi, na ni kazi yako ya kila siku, asidi ina nafasi yake, baada ya kujua tope linaenda wapi.

Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kugusa chochote. Bomba lililobanduka ni lake. Paipu iliyopasuka ukutani huenda akasema ni yako.

Kama kuna mjamzito, mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu ndani ya nyumba na ua ni mdogo, ondoa asidi na umeme kwenye orodha moja kwa moja.

Na kama ulishajaribu njia ya umeme, ukabaki na ndoo ya maji ya njano, usiyamwage, usiyatie asidi wala jiki, na usiyaache wazi yakauke kuwa unga. Vaa glavu na miwani, yahamishie kwenye dumu la plastiki lenye kifuniko, uandike kwa kalamu isiyofutika "SUMU: KROMU", ulifungie mbali na watoto na mbali na kisima. Kisha ulizia NEMC au Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa Tanzania, au NEMA kwa Kenya, wakuelekeze kwa mkusanyaji mwenye kibali. Nguo ulizovaa siku ile zifue peke yake.